Motokari ndogo yenye kusimama juu: inafaa safari ya kila siku?

UKURASA WA USALAMA NA AFYA



Mbele ya mlango mkubwa wa kiwanda, pale tunapoegesha, kila mwezi tunaona motokari mpya. Lakini mpya ni kwa sisi tu. Zimekwisha kutembea miaka mingi kule Japani, zikapanda mashua mpaka Dar es Salaam, zikapita Tanzania na Zambia, kiisha zikaingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Mfanyakazi ameweka franka kidogo kidogo, bibi yake ameuza unga na maharagi, na siku moja motokari inaingia mtaani, watoto wanakimbia nyuma yake. Ni furaha, na hatutaki kuiharibu.

Lakini furaha inaisha upesi kama motokari inaua. Kwa sisi wa idara ya usalama, ajali ya njia ya kazi ni ajali sawasawa na ile ya kiwandani. Mtu aliyevunjika mguu barabarani hana mguu wa pili nyumbani.

Siku hizi wengi wanapenda motokari ndogo yenye kusimama juu: fupi kama motokari ya mji, lakini tumbo lake liko mbali na udongo kama la 4 x 4. Wenzetu wengi wametuuliza kama inafaa. Basi tulimwomba mwenzetu mmoja, fundi wa umeme hapa Likasi, atuazime yake siku nne. Ni Toyota Rush iliyotengenezwa mwaka 2008. Alikubali, tena alipanda pamoja nasi. Na mkubwa mmoja, delege wa usalama wa kiwanda, alikuja na kalamu na karatasi.

SIKU YA KWANZA: IMESIMAMA

Wengi wakinunua motokari wanawasha motere, wanasikiliza, wanapiga honi, wanafungua radio. Delege wetu hakugusa ufunguo. Alizunguka motokari mara mbili, akainama, akatazama chini.

Rush hii ya kwanza ilianza kuuzwa Japani mwaka 2006, ikatoka kwa Daihatsu, na ndugu yake anaitwa Terios katika nchi nyingine. Motere yake ni ya litri 1,5, nguvu za farasi 109. Urefu wake ni karibu metre 4. Kati ya tumbo na udongo kuna karibu sentimetre 20. Ziko zenye kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, na ziko zenye kusukumwa na yote manne. Hii ya mwenzetu ni ya manne.

Sentimetre 20 ni kitu kizuri kwetu. Kila mtu anajua njia za mitaa yetu nyuma ya mvua za mwezi wa kwanza na wa pili: mashimo yamejaa maji, mawe yametoka nje. Motokari ya chini inapasuka tanki la mafuta ya motere. Hii inapita.

Kiisha delege akapiga goti karibu na mupira wa mbele.

«Mdogo wangu, mipira hii ina miaka mingapi?»

«Yaya, ni mizuri. Tazama, meno yangali marefu.»

«Sikuuliza meno. Nimeuliza miaka.»

Mwenzetu hakujua. Basi tusome pamoja. Kando ya kila mupira kuna maandiko DOT, na mwisho wake ni namba nne. Namba mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 3514, mupira ulitengenezwa katika juma la 35 la mwaka 2014. Kama namba haionekani upande wa nje, lala chini utazame upande wa ndani.

Mipira miwili ya mwenzetu ilikuwa imepita miaka kumi na moja. Mupira unazeeka hata kama hautembei: jua na joto vinaukausha, unapasuka mipasuko midogo midogo kando. Watengenezaji wengi wanasema usipite miaka kumi kwa mwisho kabisa, hata kama meno yangali mazuri. Mupira mzee unaweza kushikilia mjini miezi mingi. Barabarani, jua kali, watu watano ndani, mwendo wa 90, hapo ndipo unapasuka.

Mipira miwili mingine ilikuwa na neno STUDLESS. Hiyo ni mipira ya theluji. Huko kaskazini mwa Japani baridi ni kali, na watu wanavaa mipira ya kaoutchou laini ili ishike barafu. Hapa kwetu barafu tunaiona ndani ya frigo tu. Kwenye joto mupira huo unakuwa laini kupita kiasi, unaisha upesi, na freni inachukua nafasi ndefu zaidi. Tena, motokari yenye kusukumwa na magurudumu manne inataka mipira minne ya namna moja na ya kipimo kimoja. Ukichanganya, unaumiza mashini ya kugawanya nguvu.

Jambo jingine dogo: karatasi ya upepo wa mipira iko kwenye mlango wa shofere, na inaandikwa kwa kPa. Gawanya kwa mia moja: 200 kPa ni bar 2. Pima asubuhi, mipira ikiwa baridi.

SIKU YA PILI: KUTOKA NYUMBANI MPAKA KAZINI

Tulipanda saa kumi na moja na nusu asubuhi pamoja na watu wa timu ya kwanza. Kwa njia hii motokari inastahili sifa. Unakaa juu, unaona mbele ya pikipiki na wenye baiskeli za makala. Inageuka pahali padogo. Kioo cha mbele ni kikubwa. Kwenye mashimo inarusharusha, kwa sababu ni fupi na resori zake ni ngumu. Mwenye kuumwa na mgongo atasikia.

Lakini volan iko kuume. Na sisi, katika Kongo, tunatembea kuume. Jirani zetu wa Zambia na Tanzania wanatembea kushoto, na motokari hizi zilitengenezwa kwa njia ya namna hiyo. Hapa shofere anakaa upande wa majani. Mjini si neno kubwa. Anayeketi mbele pamoja naye ndiye anafungua mlango katikati ya barabara: sherti atazame nyuma kwanza. Watoto washuke upande wa kuume tu. Mwenzetu amefunga mlango wa nyuma wa kushoto kwa kile kifungo cha watoto, na tunamsifu.

Delege alitazama pia mikaba. Mbele, yote mizima. Nyuma, mikaba ilikuwa imefichwa chini ya kitambaa kizuri ambacho bibi alikishona mwenyewe. Tuliitoa nje.

Wengine wanasema: «Mjini tunaenda polepole, mkaba wa nini?» Basi fikiri kama mtu wa kiwanda. Motokari ya mwendo wa 50 ikigonga ukuta, mwili wako unapigwa sawa na mtu aliyeanguka kutoka metre 10. Wewe unayefanya kazi juu ya paserele, je, unakubali kupanda metre 10 bila mkaba? Chefu atakufukuza siku ile ile. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema kwamba mkaba unaweza kupunguza hatari ya kufa mpaka nusu. Na mtoto anayepakatwa na mama yake mbele hana mkaba. Mkaba wake ni mikono ya mama, na mikono haitoshi. Watoto wakae nyuma, kila mmoja na mkaba wake.

Juu ya mifuko ya hewa, ile inayotoka ndani ya volan wakati wa kugongana, iko habari ambayo kila mwenye kununua motokari ya Japani anapashwa kujua. Kampuni moja ya Japani, Takata, ilitengeneza mifuko hiyo kwa ajili ya motokari za makampuni mengi. Baruti yake, kwa joto na unyevu wa miaka mingi, inaharibika. Siku ya ajali, chuma kinachoishika kinaweza kupasuka na kurusha vipande kama risasi usoni mwa shofere. Watu wamekufa. Motokari milioni nyingi ziliitwa zirudi kutengenezwa, na Takata ilianguka kabisa mwezi wa sita wa mwaka 2017. Hatusemi kwamba motokari yako inao ugonjwa huo. Tunasema: chukua namba ya shasi, umpe mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza motokari, ao mtu mwenye kujua mashini ya intaneti, waitafute katika orodha ya zilizoitwa. Fundi wa mtaani asifungue volan kwa bisibisi: mfuko unaweza kulipuka mikononi mwake.

SIKU YA TATU: USIKU

Hapa tulijifunza jambo ambalo hata sisi hatukulifikiri.

Taa ndogo za mbele, zile za kupishana, hazimuliki sawasawa pande zote. Zinamulika mbali zaidi upande wa pembeni ya barabara, ili shofere aone mtembea kwa miguu, na zinamulika chini upande wa anayekuja, ili asipofuke. Motokari ya Japani inatembea kushoto, kwa hiyo mwanga wake unapanda kushoto. Hapa kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako! Unamwangazia machoni, na kuume, pale ambapo mama anatembea na beseni kichwani, ni giza.

Jaribu wewe mwenyewe. Usiku, simamisha motokari metre tano mbele ya ukuta mweupe, washa taa ndogo. Utaona mstari wa mwanga. Ukipanda upande wa kushoto, taa zako ni za nchi ya kutembea kushoto.

Dawa ni nini? Dawa ya kweli ni kuvaa taa za motokari ya namna ile ile iliyotengenezwa kwa nchi za kutembea kuume. Mbele ya kuzipata, fundi ateremshe taa kidogo. Hutaona mbali sana. Basi punguza mwendo kwa kadiri ya unavyoona. Kumbuka pia kwamba watu watatu nyuma na mizigo vinashusha mkia na kuinua pua, na taa zinapanda pamoja nayo.

Usiku ule tulirudi na watu wa timu ya usiku. Mwenzetu wa umeme alikuwa ameamka tangu saa mbili za asubuhi. Karibu na njia panda, kichwa chake kilianguka mara moja, kidogo tu. Hakuna aliyesema neno. Delege akasema kwa upole: «Egesha, mdogo wangu.» Akaendesha yeye mwenyewe mpaka nyumbani.

Mwaka 1997 wataalamu walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi vibaya sawa na mtu aliyekunywa pombe mpaka gramu 0,5 kwa litri ya damu. Hakuna motokari nzuri kwa mtu anayesinzia. Kufungua dirisha na kuimba hakusaidii. Kinachosaidia ni kulala: egesha pahali pa usalama, lala dakika 20, ao panda bisi ya kampuni.

SIKU YA NNE: BARABARA KUBWA

Kati ya Likasi na Lubumbashi kuna karibu kilometre 120. Barabara ni lami, lakini ni barabara ya malori. Yanaleta kibiriti na chokaa, yanapeleka shaba na kobalti. Lori moja na mkia wake linafika metre 20.

Tulikaa nyuma ya lori lenye mwendo wa 60. Mwenzetu, akiwa kuume, hakuona kitu ila milango ya nyuma ya lori. Kusudi aone, sherti atoe motokari nusu nzima katika njia ya wale wanaokuja. Mara nyingi shofere wa namna hii anamwuliza jirani yake wa kushoto: «Njia iko wazi?» Jirani anajibu: «Pita!» Lakini jirani hajui nguvu ya motere, hajui mwendo wa anayekuja. Mke, mtoto, rafiki, hakuna apewe mzigo huo.

Tufanye mahesabu. Lori 60, wewe 80. Unalishinda metre tano na nusu tu kwa sekonde. Kuanzia metre 20 nyuma yake mpaka metre 20 mbele yake, pamoja na urefu wake, ni metre 60: karibu sekonde 11. Katika sekonde 11 wewe umetembea metre 240. Anayekuja mbele, naye kwa 80, ametembea metre 240 pia. Basi unahitaji karibu metre 500 zilizo wazi, bila kona, bila mlima, bila vumbi. Na motere ya litri 1,5 yenye watu watano haikimbii upesi kwenye mlima. Ukisimama mbali nyuma ya lori, unaona zaidi kuliko ukiligusa. Usipoona metre 500, kaa nyuma. Utafika dakika kumi nyuma ya wengine, lakini utafika.

Mwendo ukiongezwa mara mbili, nafasi ya freni inaongezeka mara nne. Kwa 80, kila sekonde ni metre 22 mbele ya mguu kugusa freni.

Tena, motokari ndefu juu na fupi chini haipendi kukatwa kwa ghafula. Ukikwepa mbuzi kwa nguvu, inaweza kulala. Watu wengine wanatia gunia mbili za makala juu ya paa: wanaongeza uzito pale pale pabaya. Makala yakae ndani, chini, yamefungwa.

MAFUTA NA VUMBI

Kama unataka kujua motokari inakunywa esanse ngapi, usimwulize aliyekuuzia. Jaza tanki mpaka juu, andika kilometre. Tembea juma moja, jaza tena mpaka juu. Ukitia litri 30 kwa kilometre 300, ni litri 10 kwa kilometre 100. Fanya mara tatu. Motokari ya kusimama juu inakunywa kuliko ile ndogo ya chini yenye motere ya namna moja, sababu ni nzito na inasukuma upepo mwingi. Hesabu hiyo uifanye mbele ya kuahidi jirani watatu kuwapeleka kazini bure.

Juu ya vumbi: siku za kiangazi funga madirisha nyuma ya lori, na safisha ao badilisha mchujo wa hewa mara kwa mara kuliko kitabu kinavyosema. Zaidi ya hayo, usipande motokari yako na nguo za kazi. Vumbi la mawe na la metali linakaa kwenye viti, na kesho mtoto analala pale pale na kutia vidole mdomoni. Oga kiwandani, badilisha nguo na viatu, acha mavazi ya kazi kazini. Kitambaa cha viti kifuliwe kila juma.

TUNASEMA NINI?

Kwa njia ya nyumba, kazi, soko, kanisa na shule, motokari hii inafaa. Inapita mashimo, inaona mbali, inageuka pahali padogo, na vipande vyake vinapatikana. Kwa barabara kubwa inaweza, lakini kwa shofere mwenye uvumilivu, mwenye mipira mizuri na taa zilizopangwa. Kwa shofere wa haraka ni hatari, na volan ya kuume inaongeza hatari hiyo.

Siku ile ya nne tulirudi mbele ya kufika Lubumbashi, sababu delege alikataa kupita 60 na mipira ile. Mwenzetu hakufurahi. Siku ya posho iliyofuata palikuwa harusi ya mdogo wa bibi yake kule Lubumbashi, na alikwisha kuahidi kupeleka jamaa nzima kwa motokari mpya. Franka zilizobaki zilikuwa za zawadi na nguo. Jioni tulimsikia bibi akisema nje ya mlango:

«Baba watoto, mipira inangoja mwezi ujao. Harusi haingoji.»

Mwenzetu alikaa kimya kitambo. Kiisha akajibu: «Mama, harusi haingoji, kweli. Basi twende kwa bisi.»

Wakaenda kwa bisi, na watoto wanne. Watu wa harusi walicheka kidogo: «Motokari iko wapi?» Mwisho wa mwezi alinunua mipira minne, yote ya mwaka mmoja, na fundi akateremsha taa mbele ya ukuta wa kanisa. Sasa tunamwona kila asubuhi langoni, mikaba ya nyuma iko juu ya kitambaa.

KUMBUKA

1. Soma miaka ya mipira mbele ya kulipa motokari, si nyuma yake.
2. Mipira ya theluji si ya nchi yetu.
3. Peleka namba ya shasi waitafute juu ya mifuko ya hewa.
4. Jaribu taa mbele ya ukuta.
5. Kila mtu mkaba wake, watoto nyuma.
6. Volan ya kuume: usipite lori usipoona metre 500.
7. Mzigo chini, si juu ya paa.
8. Baada ya kazi ya usiku, lala kwanza.
9. Nguo za kazi zikae kazini.

Ndugu, motokari ni mashini kama zile za kiwandani. Kiwandani hugusi mashini usiyoikagua. Uifanye vilevile mbele ya nyumba yako, kesho asubuhi, kabla ya kuwasha motere.